Ufuate upepo upi: wa fundi, wa tairi au wa mlangoni?

Swali: Shikamoo fundi. Nimenunua gari langu la kwanza, gari dogo la Kijapani lililotumika. Dereva alilichukua bandarini Dar wiki mbili zilizopita akaniletea mpaka Dodoma. Ninaishi Ipagala na kazini kwangu ni Mtumba. Fundi pancha wa kwanza alijaza upepo 40 matairi yote manne, akasema huku kuna miiba na tairi gumu halitoboki. Wa pili akasema 40 ni nyingi mno, akapunguza mpaka 30, mchana wa jua kali. Kwenye tairi lenyewe pameandikwa 44. Mlangoni kuna stika ya Kijapani yenye 230 na 220, siielewi. Mwisho wa mwezi nakwenda Dar na watoto. Nifuate namba ipi? Na gari lina taa ya kunionya au halina?

Jibu: Marahaba, binti yangu, na hongera kwa gari. Fuata stika ya mlangoni. Imeandikwa kwa kilopaskali, yaani kPa, wakati mafundi wetu wamezoea kipimo kingine cha upepo kiitwacho psi, ndiyo maana imekuwa kama fumbo. Gawanya kwa 6.9: 230 inakuwa psi 33, na 220 inakuwa psi 32. Mstari wa juu kwa kawaida ni wa matairi ya mbele, ambako injini imekaa. Pembeni ya 230 huenda ukaona 2.3 kwenye mabano. Ukikuta geji, yaani kifaa cha kupimia upepo, inayosoma kwa kipimo cha bar, hiyo 2.3 ndiyo unayoitafuta.

Ukiwa hapo mlangoni, linganisha ukubwa wa tairi ulioandikwa kwenye stika na ule ulioandikwa ubavuni mwa tairi. Gari lililotumika mara nyingi limeshabadilishwa matairi, na kama mtu alivalisha ukubwa mwingine, namba za stika haziwezi kuchukuliwa vilevile. Hapo nitumie vipimo vyote viwili kabla hujaongeza wala kupunguza.

Ile 44 ya kwenye tairi isikusumbue. Kiwanda cha matairi hakijui tairi lile litafungwa kwenye gari gani. Kinachoandikwa pale ni mpaka wa juu ambao tairi halitakiwi kuvuka, na matairi mengine huandikwa 51. Waliopima uzito wa gari lako mbele na nyuma, wakalijaribu breki na kona, ni waliolitengeneza, na matokeo yao wakayabandika mlangoni. Mtu akikujazia mpaka ile namba ya ubavuni, amekupeleka kwenye ukomo wa tairi bila kujua gari lako lina uzito gani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mafundi wako wote wawili waliliruka. Namba ya stika ni ya tairi la baridi. Baridi maana yake gari limesimama kwa muda wa saa tatu au zaidi, au limetembea si zaidi ya kilomita mbili kwa mwendo wa pole. Tairi likitembea linapata joto, na upepo uliomo ndani ukipata joto unatanuka na kusukuma zaidi. Safari ya kawaida tu huongeza psi 4 au zaidi. Hata bila safari, kila nyuzi 10 za joto la hewa huongeza kama psi 1.5. Hapa Dodoma asubuhi za Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 14 hivi, na mchana wa Oktoba na Novemba hupanda hadi 30 na zaidi. Tairi lilelile, upepo uleule, geji itakupa namba tofauti kabisa.

Kwa hiyo, kati ya mafundi wako wawili, wa pili ndiye anayenitia hofu zaidi, ingawa 30 yake inaonekana kuikaribia stika. Alipunguza mchana, tairi likiwa limetoka barabarani na jua linawaka. Tairi hilo likipoa usiku, asubuhi utalikuta na psi 26 au hata chini ya hapo, wakati linatakiwa kuwa na 33. Hilo ni pungufu ya kama sehemu moja kati ya tano ya upepo wake, na wewe unalipeleka Mtumba na kurudi kila siku ukiamini uko salama.

Upungufu wa namna hiyo una hatari isiyoonekana kwa macho. Tairi lenye upepo mdogo linabonyea ubavuni kila linapozunguka, linajikunja na kujikunjua mamia ya mara kwa kila kilomita. Ukichukua kipande cha waya ukakikunja hapo hapo mara nyingi kwa haraka, utasikia kimepata moto, kisha kinakatika. Ubavu wa tairi nao una nyuzi ndani yake, na joto linaanza kuzitenganisha na mpira. Kutoka Ipagala hadi Mtumba halipati muda wa kupata moto wa kutosha. Lakini Dodoma hadi Dar ni kilomita 450 hivi, lami tupu, jua la mchana, gari limejaa watoto na mabegi. Huko ndiko matairi ya namna hii hupasuka, na mwenye gari husema tairi lilikuwa zima kabisa, kwa sababu kwa macho lilikuwa zima. Matairi ya siku hizi yasiyo na tyubu yanaweza kupungua psi 7 na bado ukiyatazama huoni tofauti. Kulipiga teke hakukwambii kitu. Geji ndiyo inayojua.

Ile 40 ya fundi wa kwanza ina madhara yake pia. Tairi lililojaa kupita kiasi linavimba katikati, kwa hiyo sehemu inayogusa barabara inapungua, kashata za katikati, yaani yale maua ya mpira yanayokanyaga barabara, zinaisha mapema, na breki inashika vibaya. Utaiona tofauti hiyo zaidi mvua zinapoanza mwezi wa Desemba, ile mvua ya kwanza inayochanganyika na vumbi na mafuta yaliyolala kwenye lami miezi mingi. Kwenye barabara ya changarawe gari litarukaruka, na kila shimo litapiga moja kwa moja kwenye shokapu na rimu. Kuhusu miiba, namwelewa fundi: anaziba pancha za miiba ya migunga tangu asubuhi hadi jioni, na anatafuta njia ya kukusaidia. Ila mwiba wa mgunga uliokomaa hausimamishwi na psi 7 za ziada. Unaingia kwenye tairi gumu kama unavyoingia kwenye tairi laini, na kinachokulinda ni unene wa kashata zilizobaki.

Nunua geji yako mwenyewe. Ndogo ya dijitali au ya mshale inatosha, hukaa kwenye droo ya gari miaka, na utaisoma mwenyewe bila kubishana na mtu. Geji za kompresa huanguka chini, hukanyagwa, huburutwa kwenye vumbi, na mbili zilizo mtaa mmoja zinaweza kupishana psi 3 au 4. Ukishanunua ya kwako, siku ya kwanza ilinganishe na nyingine mbili tatu ili ujue inasemaje.

Pima saa 12 asubuhi, kabla gari halijawashwa na kabla jua halijaligusa. Jua nalo lina mambo yake: gari likiegeshwa ubavu mmoja juani na mwingine kivulini, matairi ya upande wa jua yatasoma juu zaidi, na utadhani ya kivulini yana pancha. Fungua kifuniko cha valvu, bana geji kwa mkono ulionyooka mpaka ule mlio wa upepo ukome, soma, andika. Tairi kwa tairi, mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia. Weka namba hizo kwenye daftari au kwenye simu pamoja na tarehe. Nitaeleza baadaye kwa nini nakusisitizia kuandika.

Ukikuta umezidi, kupunguza ni kazi ya nyumbani: bonyeza ile pini ya katikati ya valvu kidogo kidogo, pima, rudia. Ukikuta umepungua na huna pampu, inabidi uende sheli au kwa fundi, na ukifika huko tairi limeshapata moto. Wengi hukwama hapo, lakini dawa yake ni hesabu ndogo. Tuseme nyumbani asubuhi tairi la mbele limesoma 29. Unahitaji 33, kwa hiyo umepungukiwa 4. Usiisahau hiyo 4. Ukifika kwenye kompresa, pima tena kwa geji yako kabla ya kujaza. Labda sasa linasoma 31 kwa sababu ya joto la njiani. Ongeza ile 4, lifike 35. Fundi atakuambia umesema 33 na sasa unataka 35. Mwambie kwa upole akujazie 35. Kesho asubuhi likiwa limepoa litasoma 33 yako, au karibu sana, na unaweza kurekebisha kidogo ukiwa nyumbani.

Kwa sababu hiyohiyo, usikubali mtu apunguze upepo wa tairi lililo safarini. Mtasimama Gairo kunywa chai, utapima kwa udadisi, utakuta 38. Usiguse. Hiyo 38 ndiyo 33 yako iliyopata moto, na waliotengeneza gari walijua itapanda hivyo. Ukipunguza pale ili irudi 33, umelifanya tairi liwe na upungufu, litabonyea zaidi na kuongeza moto zaidi, na mbele yako bado kuna Morogoro na Chalinze. Tairi moja likikutwa chini sana kuliko wenzake likiwa bado la moto, hapo kuna pancha, na hilo ndilo la kushughulikia.

Kuna jambo linalowachanganya wanaotoka au kwenda pwani, na kwa kuwa gari lako limepanda kutoka Dar, nalo ulijue. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya nje huku ni nyepesi, inalisukuma tairi kidogo kuliko ya pwani. Geji inapima tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje, kwa hiyo tairi lililojazwa 33 Dar, likifika hapa katika joto lilelile, litasoma karibu 35 bila mtu kuliongeza kitu. Ukishuka Dar inakuwa kinyume, inapungua karibu psi 2. Lakini Dar asubuhi ni joto kuliko Dodoma, na joto hilo linarudisha sehemu ya kilichopungua, mara nyingi unabaki na upungufu wa psi 1 hivi. Huna haja ya kubadilisha namba ya stika kwa ajili ya mwinuko. Kinachobeba gari ni hiyo tofauti ya ndani na nje ambayo geji inaipima, kwa hiyo popote ulipo, 33 kwenye geji ndiyo 33 ya stika. Ila kama utakaa Dar siku kadhaa, pima asubuhi moja kabla ya kuanza safari ya kurudi.

Kuhusu safari yenyewe: kama stika yako ina safu mbili, moja ya mzigo wa kawaida na nyingine ya gari lililojaa, siku hiyo tumia ya gari lililojaa. Magari mengi madogo ya Kijapani yana safu moja tu. Hapo mimi ningebaki na 33 mbele, na nyuma ningeongeza psi 2 kwa ajili ya watoto na mabegi, nikazitoa baada ya safari. Usizidishe hapo. Na jaza siku moja kabla, ili asubuhi ya safari upime tena ukiwa umetulia. Kukimbilia kwa fundi saa 11 alfajiri na watoto wamo ndani ya gari ni kutafuta makosa.

Lile daftari la namba nililokuambia uandike linahusu miiba. Tairi zima hupoteza psi 1 hadi 2 kwa mwezi, upepo unapenya taratibu kwenye mpira wenyewe. Baridi ikiingia, yote manne yatashuka pamoja. Kwa hiyo ukiona yote yamepungua kwa kiasi kinachofanana, hakuna ugonjwa, ongeza tu. Lakini likishuka moja peke yake, tuseme mengine yako 32 na hilo lina 28, kuna mwiba au msumari ndani yake, au valvu inavuja. Huku kwetu mwiba huingia, ukavunjikia ndani, na mpira ukaubana, kwa hiyo upepo unatoka kidogo kidogo kwa wiki nzima bila wewe kujua. Bila namba za wiki mbili zilizopita huwezi kuugundua. Mwenye kumbukumbu anaugundua Ipagala. Asiye nayo anaugundulia njiani, usiku, mbali na mafundi.

Ukishuku kuna mwiba, usiung'oe mwenyewe barabarani, maana unaweza kuwa ndio unaozuia upepo. Jaza, uende kwa fundi. Mwombe apake maji ya sabuni juu ya valvu kwanza, kisha kwenye kashata na ubavuni, aone povu linapotokea. Tundu likiwa kwenye kashata linazibika, na kiraka kinachobandikwa kwa ndani kinadumu kuliko ile kamba ya gundi inayochomekwa kutoka nje. Likiwa ubavuni, tairi hilo limekwisha. Na fundi akikushauri aweke tyubu ndani ya tairi lisilo na tyubu ili muachane na habari ya pancha, kataa. Tyubu inasuguana na tairi, inaongeza moto, na ikitoboka upepo wote unatoka kwa mkupuo. Valvu nazo zisikae bila vifuniko. Vumbi la Dodoma likiingia kwenye ile pini, inaacha kufunga vizuri.

Ukaguzi mwingine wa mara moja, kwa sababu gari limetoka Japani. Soma ubavu wa tairi uone kama pameandikwa STUDLESS. Hayo ni matairi ya majira ya theluji, mpira wake ni laini kwa makusudi, na baadhi ya magari hufika nayo. Kwenye lami ya moto yanalika haraka na hayatulii kwenye mwendo mkubwa. Upepo sahihi hautayaokoa. Ningeyabadilisha kabla ya safari ya Dar. Tafuta pia tarakimu nne zinazofunga mstari unaoanza na DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi yenye miaka kumi, hata kashata zikiwa nzuri, siyapeleki safari ndefu yenye watoto.

Taa uliyouliza ni ya njano, mchoro wa tairi lililokatwa lenye alama ya mshangao ndani. Marekani iliifanya ya lazima kwa magari madogo yote mapya ya mwaka 2008 na kuendelea, na Ulaya ikafuata mwaka 2014. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayana. Washa ufunguo bila kuwasha injini, utazame taa zote zinazowaka kwa muda. Kama huioni hapo, gari lako halina. Hata walio nayo wasiitegemee kuliko geji, kwani nyingi huwaka upepo ukiwa umeshapungua karibu robo, na tairi lako lingekuwa limetembea wiki kadhaa na joto nililolieleza.

Upepo wa nitrojeni unaouzwa kwa bei ya juu hauna ubaya, ila hewa ya kompresa tayari ina nitrojeni asilimia 78. Fedha hiyo nunulia geji.

Mwisho fungua buti uinue zulia. Magari mengine ya Kijapani hayana spea kabisa, yana kichupa cha dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo, na dawa hiyo ina tarehe ya kuisha. Ukikuta spea nyembamba ya muda, yenyewe inataka kPa 420, karibu psi 60, na mwendo wake hauzidi kilomita 80 kwa saa. Spea hiyo nayo ilipungua upepo yadini na melini bila mtu kuikumbuka, kwa hiyo ipime kesho asubuhi pamoja na yale manne. Kisha nitumie namba zote tano na picha ya stika, nikuambie kipi cha kurekebisha kabla ya mwisho wa mwezi.